Steringi Asiyekufa kwa Miaka 14,000: Uzoefu Wangu na The Man from Earth

Mliokulia kwenye vibanda vya video vya Ngamiani mnaijua sheria: steringi hafi. Anamiminiwa risasi, anatupwa mtoni, jengo linamwangukia, na muvi inaisha akiwa na vumbi kidogo tu shavuni. Kuna muvi moja imeichukua sheria hiyo ikaiuliza kwa dhati: haya, tuseme kweli hafi, anaishije? Inaitwa The Man from Earth, ni ya mwaka 2007, na mimi nimejifanya balozi wake hapa Tanga bila kulipwa na mtu.

Mwalimu wa chuo kikuu, John Oldman, anahama ghafla. Vitu vyake vingine vimeshapakiwa kwenye pikapu, na wenzake wa kazini wanamfuata nyumbani kumuaga. Miaka kumi amefundisha nao na sura yake ni ile ile. Wanamkaba: unaondoka kwa nini, umekosana na nani? Akizungushwa sana anawatupia swali, kwamba kama mtu wa zama za mawe angenusurika hadi leo, angekuwa mtu wa namna gani? Wenzake ni wasomi, mmoja wa biolojia, mwingine anthropolojia, mwingine akiolojia, kwa hiyo wanalichangamkia kama fumbo la kupitishia muda. Wanacheka, wanajibu. Inachukua dakika kadhaa kuwaingia kwamba jamaa hatoi mfano. Anajisema yeye mwenyewe, na umri anaoutaja ni miaka 14,000.

Basi, hapo hapo mnabaki. Ni chumba kimoja, moto wa kuni, chupa ya wiski na watu wanane hivi wanaobishana mpaka usiku. Hakuna chombo cha angani wala mtu wa sayari nyingine. Bastola inatolewa mara moja na haifyatuliwi. Bajeti ilikuwa kama dola 200,000, ambazo kwa muvi za Marekani ni hela ya nauli, na waliirekodi kwa kamera za video za kawaida. Ukiitazama tu bila sauti utadhani ni harusi iliyorekodiwa vibaya.

Nguvu yote iko mdomoni. Aliyeiandika, Jerome Bixby, ndiye aliyeandika baadhi ya vipindi vya Star Trek ya zamani, ile tamthilia ya safari za angani. Wazo hili alianza nalo miaka ya 1960 na akalimalizia kitandani akiwa mahututi, akimtamkia mwanawe Emerson aandike, kisha akafariki mwaka 1998. Richard Schenkman ndiye aliyekuja kuiongoza. Mimi huwa nalifikiria hilo kila ninapoirudia: mtu anayejua siku zake zimekwisha anamtungia maneno mtu ambaye siku zake haziishi. Huenda ndiyo maana John hajisifu hata kidogo. Hana mali iliyofichwa wala siri ya dunia. Ana uchovu.

Kinachoifanya hadithi isimame ni namna wanavyoishughulikia kumbukumbu. Mtu wa miaka yote hiyo ungetegemea amwage majina na tarehe kama redio. John hawezi. Anakumbuka vipande vipande, kama sisi tunavyokumbuka utoto. Hajui alizaliwa nchi gani, kwa sababu wakati huo hakukuwa na nchi wala ramani. Mengi aliyoyaona ameyaelewa baadaye sana, vitabu vilipoandikwa, naye akasoma kama mtu mwingine yeyote. Pana mahali anaeleza kuwa aliwahi kuona milima ng'ambo ya bonde kubwa, na wanaanza kupiga hesabu kuwa huenda ilikuwa Uingereza, kabla bahari haijaingia kuitenga na bara. Anasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekuelekeza njia ya Pongwe, na wewe nywele zinakusimama. Halafu huyo mtaalamu wa biolojia anapotaka kumbana kwa elimu, anajibiwa kwamba shahada ya fani hiyo John anayo, aliipata Oxford mwaka 1840, kwa hiyo yuko nyuma kidogo ya wakati. Nilicheka mpaka nikarudisha nyuma.

Kuna utaratibu wake pia ambao nimeupenda: kila baada ya kama miaka kumi, watu wakianza kumtazama usoni, anafungasha. Sisi wa hapa na ule msemo wetu wa waja leo waondoka leo tutamwelewa haraka.

Nilipoiweka nyumbani sebule ilikuwa na shangazi, mjomba na mzee jirani yetu aliyekuwa mvuvi. Niseme ukweli, nilitegemea wangeondoka kabla ya nusu saa. Badala yake ndio walionifanya niisimamishe kila mara. Mjomba alidakia mapema: "Mnashangaa nini? Nabii Nuhu alikaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini, na Khidhri wapo wanaosema yupo hadi leo." Shangazi akamwambia asichanganye mambo ya mitume na wazungu wa kwenye muvi, ila na yeye alikuwa na lake. Alitaka kujua huyo bwana amezika wake wangapi, na watoto je? Swali hilo wasomi wote mle ndani wanalifikia wakiwa wamechelewa. Shangazi alilifikia akiwa anamenya vitunguu.

Mzee jirani alikuwa amenyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Na yule samaki wetu?" Alimaanisha silikanti. Kwa asiyejua: wataalamu waliamini samaki huyo alitoweka pamoja na madainosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938 akiwa mzima kabisa. Miaka ya 2000 wavuvi wa pande zetu, Kigombe na kwingineko, wakaanza kumtoa kwenye majarife yanayotegwa maji ya kina kirefu, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari yenye jina lake hapa Tanga. Najua, samaki mmoja hajaishi miaka yote hiyo, ni ukoo wake uliodumu. Lakini hoja ya mzee ilikuwa nzuri: waliosema hayupo walikuwa wasomi, na aliyemleta juu alikuwa na wavu. Tulichelewa kula siku hiyo.

Sasa tahadhari, na hii si ndogo. Nusu ya pili inaingia kwenye dini, na kuna jambo linasemwa kuhusu maisha ya Yesu ambalo si Mkristo wala Muislamu atalikubali. Mle ndani yumo mama mmoja mcha Mungu, Edith, anayelia kwa uchungu, na nadhani mwandishi alimweka makusudi ili sisi wengine tusijione tuko peke yetu. Shangazi alisoma astaghfirullah, akaenda jikoni, akarudi baadaye kuuliza imefikia wapi. Kama nyumbani kwako jambo kama hilo litaharibu jioni, itazame peke yako.

Kasoro nyingine: picha ina chenga, muziki unakulazimisha uhuzunike mahali ambapo maneno yangetosha, na waigizaji hawalingani. David Lee Smith, aliyecheza John, na Tony Todd, aliyecheza yule mwenzake wa anthropolojia, wako vizuri sana. Mwanafunzi aliyeletwa na profesa wake kazi yake kubwa ni kushangaa. Dakika za mwisho zina jambo la kusadifu ambalo mimi naliona limelazimishwa, ingawa mjomba ananibishia mpaka leo.

Ukiipata, zima pangaboi. Sauti ndiyo muvi yenyewe, na spika ya simu haitoshi. Tafuta yenye maandishi ya chini, maana Kiingereza chao ni cha darasani na wanakatizana. Usimpe DJ wa kutafsiri, atakaukwa koo; humu hakuna pa kuvuta pumzi. Ni dakika 87 tu, ila ukiwa na watu wenye midomo jipe jioni nzima. Kuhusu namna ilivyofika kwa watu, mtayarishaji wake, Eric D. Wilkinson, aliwahi kuwashukuru hadharani waliokuwa wakiisambaza kwa njia za panya mtandaoni, kwa sababu ndio walioipa jina. Hata hivyo ukiikuta mahali pa kulipia, lipia. Ya pili yake, ya mwaka 2017, mimi ilinichosha.

Baada ya hii nenda Coherence, ya 2013, ambayo James Ward Byrkit aliirekodi nyumbani kwake kwa usiku tano. Waigizaji hawakupewa maandishi kamili, walipewa vikaratasi tu vya nini wanakijua siku hiyo. Marafiki wako mezani, nyota yenye mkia inapita angani, umeme unakatika. Hiyo itazameni gizani. Primer ya 2004, iliyotengenezwa kwa dola 7,000, iacheni kwanza mpaka muwe na kalamu na karatasi.