Magemu ya kupigana ya zamani kwenye konsoli: ununue lipi kwanza

Mbele, chini, kisha pembe iliyo kati ya chini na mbele, halafu ngumi. Kidole kikipita njia hiyo sawasawa, Ryu wa Street Fighter anapaa na Shoryuken, ngumi yake ya kupaa, na aliyekuwa anamrukia anaanguka chali. Nilipopakua gemu langu la kwanza la zamani la kupigana, pigo hilo lilinikatalia wiki mbili nzima. Mdogo wangu anaruka, mimi najibu, Ryu anabaki amesimama na teke linamkuta usoni. Nililaumu kidole gumba, nikalaumu pedi, nikakaribia kulifuta gemu lenyewe. Kumbe TV ndiyo iliyokuwa inachelewesha picha. Siku nilipoingia kwenye mipangilio nikawasha hali ya mchezo (Game Mode), Shoryuken ya kwanza ilitoka papo hapo, na mdogo wangu akageuka kunitazama mimi badala ya skrini.

Ndiyo maana ninapoulizwa ni gemu gani la kununua, sianzi na idadi ya magemu yaliyomo kwenye kifurushi. Magemu haya yaliundwa kwa mashine za kutumbukiza sarafu, yanaenda karibu fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, yaani fremu moja haifiki hata milisekunde 17, na utamu wake wote unakaa ndani ya kipimo hicho kidogo. Tena yaliundwa kwa watu wawili waliosimama bega kwa bega. Kwa hiyo jiulize kwanza: utacheza na nani, na huyo mtu atakuwa wapi? Ameketi pembeni yako, au yuko mbali na mtakutana kwenye intaneti? Orodha yangu nimeipanga kwa kufuata swali hilo.

1. Street Fighter 30th Anniversary Collection

Kama mpinzani wako anaishi nawe nyumba moja, anza hapa. Kifurushi hiki kilitoka Mei 2018 kwa PlayStation 4, Xbox One, Switch na kompyuta, na kina magemu 12: Street Fighter la kwanza kabisa, matoleo matano ya Street Fighter II, matatu ya Alpha, na matatu ya Street Fighter III.

Matano ya Street Fighter II huwachanganya watu, maana ukiyatazama kwa mbali yanafanana. Lile la 1991 lina wapiganaji wanane tu wa kuchagua, na watu wawili hawawezi kuchukua mpiganaji mmoja. Champion Edition likaruhusu Ryu kupigana na Ryu, likawafungua na mabosi wanne, akiwemo Sagat na M. Bison. Hyper Fighting likaongeza mwendo na mapigo mapya. Super likawaleta Cammy, Fei Long, Dee Jay na T. Hawk, na Super Turbo la 1994 likaleta mstari wa nguvu unaojaa mpaka uachie pigo kubwa, pamoja na Akuma aliyefichwa. Ushauri wangu ni kwamba mfungue Hyper Fighting kwanza. Lina kasi ya kutosha kumsisimua mtu, na bado ni jepesi kulielewa. Super Turbo litawasubiri. Lina makali zaidi, na mpinzani wake anayeendeshwa na gemu lenyewe hana huruma hata kidogo kwa anayejifunza.

Halafu kuna 3rd Strike la 1999. Hili peke yake linatosha kuwa sababu ya kununua kifurushi. Ndani yake unaweza kulikataa pigo kwa kusukuma mbele, kuelekea kwa anayekupiga, katika sehemu ndogo sana ya sekunde kabla halijakufikia. Kila silika ya mwili inakwambia urudi nyuma, na gemu linakudai uende mbele. Kwenye mashindano ya Evo ya 2004, Daigo Umehara akiwa na Ken aliyebakiwa na uhai wa chembe, alikabiliwa na pigo kubwa la Chun-Li wa Justin Wong, pigo ambalo hata ukijikinga linakula uhai kidogo kidogo. Asingeweza kujikinga. Akayakataa mateke yote, moja baada ya jingine, kisha akajibu na kushinda raundi. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado ninapoketi na pedi mkononi huwa ninalijaribu pigo lile lile. Mateke mawili ya kwanza huwa nayapata.

Kasoro zake zipo. Kati ya magemu 12, ni manne tu yanayochezwa kwenye intaneti: Hyper Fighting, Super Turbo, Alpha 3 na 3rd Strike. Mengine ni ya sebuleni peke yake. Na kwa kuwa yote yametoka kwenye mashine za sarafu jinsi yalivyokuwa, Alpha 3 lililomo humu halina wapiganaji walioongezwa baadaye kwenye matoleo ya konsoli. Kama hao ndio unaowataka, tafuta Capcom Fighting Collection 2 ya 2025, ambayo ina Alpha 3 Upper na pia Capcom vs. SNK 2.

2. Capcom Fighting Collection

Hiki ni cha mwenye mpinzani wa mbali. Kilitoka Juni 2022 na magemu 10, na yote 10 yanachezwa kwenye intaneti kwa mfumo wa rolibaki.

Neno hilo utalikuta kila mahali ukianza kutafuta, kwa hiyo lielewe kabla ya kutoa pesa. Mifumo ya zamani ya mtandaoni hungoja taarifa za vitufe vya mpinzani zifike ndipo picha isogee. Intaneti ikisuasua, nawe unasuasua. Rolibaki haingoji. Inakisia mwenzako amebonyeza nini, mchezo unaendelea, na ikigundua imekosea inarudi nyuma fremu chache na kurekebisha, mara nyingi bila jicho kuona. Aliyeleta mageuzi hayo ni Tony Cannon, ambaye hakuridhika na jinsi Hyper Fighting lilivyocheza mtandaoni lilipotolewa kwa kupakuliwa kwenye Xbox 360 mwaka 2006, akaketi akaandika mfumo wake, GGPO. Kwa maneno mengine, faida tunayoila leo ilizaliwa kutokana na ununuzi kama huu unaotaka kuufanya wewe.

Ndani ya kifurushi mna magemu yote matano ya Darkstalkers, yenye michoro ambayo mpaka leo naiona kuwa mizuri kuliko ya magemu mengi mapya. Mna Red Earth, ambalo tangu 1996 halikuwahi kutoka kwenye kumbi za mashine hadi kifurushi hiki kilipotolewa. Na mna Hyper Street Fighter II, linalokuruhusu kumchagua mpiganaji kutoka toleo lolote kati ya yale matano, ili Guile wa toleo la kwanza akutane na Guile wa toleo la mwisho. Kuna hali ya mazoezi, na kuna mpangilio wa kutoa mapigo maalumu kwa kitufe kimoja. Usimcheke anayeutumia. Mgeni akipata Hadouken, lile pigo la Ryu la kurusha mpira wa nguvu, dakika ya kwanza, atabaki kwenye kochi mpaka dakika ya sitini.

Kwa nini nimekiweka cha pili? Ni 3rd Strike tu. Kingekuwa nalo, kingepanda juu bila mjadala.

3. Marvel vs. Capcom Fighting Collection: Arcade Classics

Kilitoka Septemba 2024 na magemu saba, sita ya kupigana na moja, The Punisher la 1993, la kutembea ukiwapiga maadui njiani. Wengi wanakinunua kwa ajili ya Marvel vs. Capcom 2 la mwaka 2000: wapiganaji 56, timu za watu watatu, skrini imejaa moto na miale. Gemu hilo liliwahi kupakuliwa kwenye PlayStation 3 na Xbox 360 tangu 2009, kisha likaondolewa madukani mwishoni mwa 2013, na mashabiki wakakaa zaidi ya miaka kumi bila njia halali ya kulinunua upya kwenye maduka ya konsoli. Limerudi likiwa na rolibaki.

Lakini ninamwonya anayeanza. Hili ni gemu la vurugu, na aliyelizoea atakufungia pembeni mwa skrini usiguse ardhi. Anza na X-Men vs. Street Fighter au Marvel vs. Capcom la kwanza, yenye wawili kwa wawili, halafu panda.

4. ACA NeoGeo, moja moja

Sio kila mtu anataka kifurushi. Kampuni ya Hamster inauza magemu ya NeoGeo, mashine ya zamani ya kampuni ya SNK, moja moja, kwa bei ndogo kuliko ya vifurushi nilivyotaja, na mimi ninayapenda kwa sababu ambayo watu huipita: NeoGeo ilikuwa na vitufe vinne tu. Vinaingia kwenye pedi ya kawaida bila kubakiza kitu, wakati Street Fighter linataka sita, ngumi tatu na mateke matatu, na mawili inabidi yahamie kwenye vitufe vya mabegani. Mtoto au mzee anayeshika pedi kwa mara ya kwanza atashukuru.

Samurai Shodown II la 1994 ndilo ningempa rafiki asiyejali magemu ya kupigana. Hakuna haja ya kukariri kombo, yaani mapigo yaliyounganishwa mfululizo. Mnazungukana na mapanga, mnangojana, na kosa moja mbele ya pigo zito linakata kipande kikubwa cha uhai. Kimya kilichopo kabla ya pigo lile hukipati kwenye gemu jingine. The King of Fighters '98 ni la timu za watu watatu wanaoingia mmoja baada ya mwingine. Garou: Mark of the Wolves la 1999 ndilo lenye michoro laini kuliko yote, na linamzawadia uhai kidogo anayejikinga pigo likiwa karibu kabisa kumfikia.

Upungufu wake ni kwamba matoleo haya ya ACA hayana mapambano ya mtandaoni, yana ubao wa alama tu. Hapo angalia usinunue kwa pupa: Garou linauzwa pia kama toleo jingine, la 2016, ambalo lina mapambano ya mtandaoni. Jina ni lile lile, picha inafanana, bidhaa ni mbili. Soma maelezo hadi mwisho.

5. Mortal Kombat: Legacy Kollection

Kimetoka Oktoba 2025, kikikusanya matoleo ya mashine na ya konsoli za zamani, kuanzia lile la 1992. Kwa aliyekua na Scorpion na Sub-Zero hakuna mjadala, na Ultimate Mortal Kombat 3 bado linakimbia vizuri. Hapa kujikinga ni kitufe chake, si kurudi nyuma, kwa hiyo mazoea ya Street Fighter yatakusaliti siku za mwanzo. Damu ni nyingi. Kama pedi ya pili itashikwa na mtoto mdogo, rudi namba nne.

6. Ultra Street Fighter II

La Switch, 2017. Michoro imerudiwa upya, wameongezwa Evil Ryu na Violent Ken. Unanunua gemu moja mahali ambapo kifurushi cha namba moja, kwenye konsoli hiyo hiyo, kinakupa matano ya ukoo ule pamoja na saba mengine. Linunue ukiwa unawahitaji hao wawili kweli kweli.

Kabla hujabonyeza kulipa

Kucheza mtandaoni kwenye konsoli mara nyingi kunadai uanachama wa kulipia kando na bei ya gemu. Kama huna na huna mpango nao, rolibaki si sababu ya wewe kuchagua chochote.

Kilichopakuliwa kinategemea duka. Duka la Wii lilifungwa Januari 2019, la Wii U na 3DS likafuata Machi 2023, na la Xbox 360 Julai 2024. Ukinunua, pakua na uliweke kwenye konsoli siku hiyo hiyo, na kati ya konsoli mbili ulizonazo, nunulia ile mpya zaidi.

Picha iache katika umbo la 4:3. Ukiivuta ijaze TV pana, Zangief ananenepa na unakosea kupima umbali wa teke. Mistari ya kuigiza skrini za zamani ni suala la ladha. Mimi huiwasha, kwa kuwa wachoraji wa wakati ule walichora wakijua skrini zao zitalainisha kingo.

Pedi nayo: tumia kitufe cha msalaba badala ya kijiti, na kama msalaba wa pedi yako ni mgumu au unateleza, badilisha pedi kabla hujaongeza gemu la pili. Kuipima, fungua hali ya mazoezi, simama upande wa kushoto, toa Hadouken kumi, kisha hamia kulia utoe kumi nyingine. Zikitoka tisa kushoto na nne kulia, na TV iko kwenye hali ya mchezo, uwezekano mkubwa tatizo ni mkono wako, na mkono hurekebishika jioni mbili tatu. Zikitoka nne nne pande zote, chomeka pedi nyingine ujaribu tena.