Mifuko ya Uzito ya Boti kwenye Pikapu za Dodoma: Ukubwa Upi Ununue, na kwa Kazi Gani

Mfuko ninaoupitia hapa haukutengenezwa kwa ajili ya mtu anayetafuta maji. Ulitengenezwa kwa ajili ya boti zinazovuta wachezaji waliosimama juu ya ubao, mchezo ambao boti hukimbia kwa mwendo wa kilomita 30 hadi 38 kwa saa, naye mchezaji hujirusha kwa kutumia mawimbi yanayoinuka nyuma yake. Boti ikiwa nyepesi mawimbi hayo huwa mafupi. Ikizama zaidi husukuma maji mengi zaidi, na mawimbi hunenepa. Ndiyo sababu wenye boti hulaza mifuko ya plastiki nzito pande zote mbili za nyuma na mwingine mbele, huijaza maji ya ziwani kwa pampu ya umeme, kisha huyamwaga kabla ya kuitoa boti majini. Dodoma hatuna boti hizo, lakini tuna pikapu, tuna saiti za ujenzi zisizo na bomba, na tuna kiangazi kinachoanza mwezi Mei na kuendelea hadi Novemba. Nimeutumia mfuko huu kubebea maji kwenye Hilux kwa muda wa kutosha kusema nani aununue na nani aachane nao.

Sifa yake kubwa huonekana ukiwa mtupu. Tangi la plastiki la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma hukalia bodi zima la pikapu, kwenda na kurudi, na lenyewe lina uzito wa kilo 60 hivi kabla hujatia hata tone. Mfuko wa lita 340 ukishamwagwa hukunjwa na kusukumwa nyuma ya kiti, na gari likirudi mjini linaweza kupakia mbao, au mzigo wa mtu mwingine anayelipa. Kwa mwenye kiwanja Iyumbu ambaye tayari amejenga tangi la ardhini, habari hii haimhusu: aite boza la lita 10,000, alijaze tangi lake, amalize kazi. Mfuko unamfaa zaidi fundi anayehama saiti kila baada ya siku chache, mwenye miche ya kumwagilia huko Nala, au yule ambaye njia ya kiwanjani kwake boza haliwezi kupita.

Kwenye ukubwa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu wauzaji huusifia mfuko kwa ujazo, ilhali mnunuzi anapaswa kuuchagua kwa uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, na maji hayana huruma na springi za gari. Mifuko ya Kimarekani, ikiwemo ile ya Fly High ambayo jina lake limezoeleka sana kwa wenye boti, hutajwa kwa ratili, na saizi utakazokutana nazo mara nyingi ni 400, 750 na 1,100, yaani takriban kilo 180, 340 na 500. Hilux ya milango minne hubeba kati ya kilo 700 na tani moja kutegemea toleo, na ndani ya kiasi hicho wamo abiria pia. Watu wazima watano wakishakaa, kilo 350 hivi zimekwisha kutumika. Hapo mfuko mmoja wa kilo 340 unatosha, na wa pili ni wa siku unayosafiri peke yako, tena kwa toleo linalobeba zaidi ya kilo 750. Vipimo vyake vya karibu sentimita 127 kwa 51 kwa 51 vinauwezesha kulala kwa urefu kwenye bodi la mita moja na nusu bila kubana mlango wa nyuma.

Wenye Kirikuu wawe waangalifu zaidi. Suzuki Carry ndogo zilizoundwa kwa masharti ya Japani ya magari madogo zimewekewa kikomo cha kilo 350 za mzigo, kwa hiyo mfuko wa 340 peke yake unamaliza nafasi yote, na mifuko miwili ya 180 tayari imezidisha. Kwa gari hilo ningenunua mmoja wa 180, ambao unaacha nafasi ya mifuko mitatu ya saruji na bado gari likapanda kilima bila kulalamika. Ule wa 500 simshauri mtu yeyote wa huku: ukikosea kuulaza, huwezi kuusogeza tena mpaka uumwage, na mkono uliowekwa pembeni mwake ni wa kubebea mfuko mtupu, wala si wa kuvutia nusu tani.

Jambo ambalo mfuko hulifanya vizuri kuliko tangi ni kuyatuliza maji. Tangi gumu lililojaa nusu huyaacha maji yakimbie mbele unapokanyaga breki na yarudi nyuma unapoondoka, na kwenye mizunguko ya barabara mvuto huo unausikia hadi kwenye usukani. Mfuko laini uliojazwa hadi ukakaza, na hewa ikatolewa yote, hauachi uso wa maji wa kuchezea. Lakini sharti hilo ni zito. Mfuko wa 340 uliotiwa lita 200 huviringika, huteleza na hutafuta kona yake wenyewe, hivyo ukihitaji maji kidogo nunua mfuko mdogo. Kwa sababu hiyohiyo usinunue wenye tundu moja tu; utafute wenye matundu mawili au zaidi, moja likiwa juu, ili hewa itoke wakati maji yanaingia.

Kuhusu mahali pa kuulaza, boti na pikapu hazikubaliani. Mwenye boti huzidisha uzito nyuma akitaka wimbi lisimame, na huongeza mbele akitaka liwe refu na la taratibu zaidi. Mwenye pikapu ausukume mfuko hadi uguse kabini, kwa maana uzito ukipita nyuma ya ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele hupungukiwa na uzito na usukani huwa mwepesi kwa namna isiyopendeza. Ndani ya boti mfuko huegemea kuta za sanduku lake; kwenye bodi pana hauna cha kuegemea, hivyo uzuiwe kwa mbao pande zote na ufungwe kwa mikanda mipana. Kamba ya katani hukata.

Plastiki yenyewe ni imara, ila haikufikiriwa kwa ajili ya miiba ya mgunga, ambayo husafiri ndani ya mizigo na kubaki kwenye bodi bila wewe kuiona. Fagia, kisha tandika zulia kuukuu. Jua nalo huikausha plastiki hadi ikapasuka kwenye mikunjo, kwa hiyo turubai juu yake ni la lazima. Halafu kuna maji yetu yenyewe. Maji ya visima vya hapa ni magumu, na mfuko ukikauka huacha utando mweupe shingoni mwa tundu, mahali ambapo wosha ya mpira inapaswa kukaa. Utando ukinenepa, kizibo hukazwa hadi mwisho na bado kinatiririsha. Siki na mswaki wa zamani huumaliza. Kati ya mifuko niliyoishika, ule wa bei nafuu ulianza kuvuja kwenye kiungio cha tundu, si kwenye mshono, na hapo ndipo ningeanza kukagua kabla ya kulipa.

Pampu zinazouzwa pamoja na mifuko hii hutumia umeme wa volti 12 wa betri ya gari. Iliyoandikwa galoni 1,200 kwa saa ni karibu lita 4,500, na kwa hesabu ya karatasi ingeujaza mfuko wa 340 kwa dakika tano. Hesabu hiyo hupimwa maji yakiwa hayapandi popote. Ukitaka kuyapandisha hadi kwenye simtank iliyo juu ya mnara wa mita tatu, pampu ya aina hii hutoa maji kidogo mno. Kwa kazi hiyo tumia pampu ya nyumbani, au mwaga kwenye pipa la chini kwa mteremko. Zipo pia zinazojaza na kumwaga kwa kugeuza swichi, nzuri sana, lakini panga zake za mpira haziwezi kuzunguka bila maji, na mchanga huzila haraka. Chujio mbele ya mpira wa kuvutia maji ni gharama ndogo kuliko panga mpya.

Kwa maji ya kunywa na kupikia, jibu langu ni hapana. Mifuko ya uzito imekusudiwa kubeba maji ya ziwa ndani ya boti, na plastiki yake haikuchaguliwa kwa ajili ya chakula. Mfuko mpya huyapa maji harufu unayoisikia hata kwenye ndoo. Ipo mifuko mingine ya maji ya kunywa, na maelezo yake husema hivyo waziwazi. Huu ubaki kwenye zege, kufyatulia matofali, miche na kusafishia.

Bei yake, ukijumlisha usafirishaji na ushuru, ilizidi ya simtank ya lita 1,000, na sioni sababu ya mtu mwenye pikapu moja na saiti moja kuilipa. Mwenye kuhamahama ataona faida yake. Akiagiza, aombe vizibo viwili vya ziada, wosha zake, na viraka pamoja na gundi ya plastiki hiyohiyo katika mzigo uleule, kwa maana maduka ya mabomba ya mjini huuza saizi za mabomba ya nyumbani, na uzi wa kizibo cha boti mara nyingi haukubaliani nazo.