Msusi wa watoto wadogo anayekuja nyumbani, Dar es Salaam: uzoefu wangu

Huyu dada anasuka watoto wadogo tu, na anakufuata mpaka nyumbani. Anamsuka binti yangu tangu akiwa na miezi 10. Sasa ana mwaka na nusu. Nampa nyota 4 kati ya 5.

Kilichonifanya nibaki naye ni mkono wake. Wasusi wengi wamezoea vichwa vya watu wazima, ambako kusuka vizuri maana yake kukaza. Nywele za mtoto ni nyembamba, na za pembeni mwa paji ni malaika tu. Zikivutwa wiki hadi wiki zinaanza kukatika, halafu shina lenyewe linaumia, na ngozi ikishaweka kovu hapo nywele hazioti tena.

Mtoto anakaa mapajani kwangu akiwa ameshiba, kichwa kimeegemea kifua. Nywele haziguswi zikiwa kavu: kwanza anapulizia maji ya uvuguvugu, kisha anapaka mafuta ya nazi kidogo, kama nusu kijiko cha chai kwa kichwa kizima. Anashika fungu karibu na ngozi kwa vidole viwili, ndipo anachana kwa chanuo la meno mapana, kuanzia nchani akirudi kwenye shina. Mvuto unaishia kwenye vidole vyake, haufiki kichwani. Mtoto anayelia akichanwa, mara nyingi ni kwa sababu hatua hii imerukwa.

Njia anazipasua kwa ncha ya kidole, si kwa kichana chenye mkia wa chuma. Anasuka mabutu 6 hadi 8, kila fungu upana wa sentimita 3 au 4, na msokoto wa kwanza anauacha umelegea. Hata njia zikipinda kidogo, mimi sijali. Utosi wa mbele kwa watoto wengi hufunga kati ya miezi 9 na 18; kuugusa taratibu hakuna ubaya, ila yeye haukandamizi, na shina la butu analiweka pembeni yake.

Mtindo wa twende kilioni, ile mistari ya kurudi kisogoni, hasuki kwa mtoto wa chini ya miaka 2, hata umwongezee hela. Nakubaliana naye kabisa, kwa sababu mstari unaanza na nywele chache za mbele, na hizo hizo ndizo zinazobeba mvuto wote. Rasta, zile nywele za bandia, ndiyo usiulize: zina uzito, na nyingine zinawasha ngozi.

Butu likiisha, analigeuza pande zote nne huku akiangalia shina. Ngozi ikiinuka kama kihema, analifumua na kurudia. Wewe nawe kagua kesho yake. Ukiona vipele vidogo kwenye mashina, au mtoto anashikashika kichwa, fumua siku hiyo hiyo. Usisubiri eti yatalegea yenyewe.

Nyota moja nimeitoa kwa mambo mawili. Kwenye bei yake anaweka shanga na vimpira. Shanga ikichomoka inaishia mdomoni na inaweza kumpalia mtoto, na kimpira kinakata nywele pale kinapobana. Ukikataa, anakuelewa, ila bei haishuki. La pili ni chanuo: analitumia kwa watoto wote na kulifuta kwa kitambaa tu. Mapunye yanahama hivyo hivyo. Nunua chanuo la mtoto wako na umkabidhi alitumie hilo. Ukikuta mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika, ahirisha kusuka na umpeleke mtoto hospitali, kwa sababu mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kumeza; ya kupaka peke yake haitoshi.

Kwa joto na jasho la Dar, mabutu yakae siku 5 hadi 7, yasizidi. Fumua kwa vidole vyenye mafuta ukianzia nchani, bila mkasi, osha kwa shampuu ya watoto, kisha acha kichwa kipumzike siku mbili tatu. Okota nywele zote zilizodondoka na ukague vidole vya mikono na miguu: unywele mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto unaweza kuzuia damu, na wengi hawalijui hili. Usimlaze mtoto wa chini ya mwaka na kofia ya satini. Tandika shuka la satini lililobana vizuri kwenye godoro. Kisogo kilichonyonyoka kwa kulalia kitaota chenyewe, kwa hiyo usiagize butu la kukifunika.

Kazi nzima inachukua kama nusu saa. Mtoto akianza kulia na asibembelezeke, anaacha hapo alipofika na kurudi siku nyingine, ila nauli ya safari ya pili ni yako. Mwite asubuhi, mtoto akishaamka na kunyonya.