Wamenikatia sura ya mwisho, kisha wakaniambia mwisho naujua

Bei ya huduma hii ya vitabu vya kusikiliza na idadi ya vitabu vyake mtaviona wenyewe kwenye programu yao. Mimi nataka kusimulia jambo moja tu: nilikuwa nimesimama kwenye karo, mikono imejaa povu, masikio yote yako kwenye simu, msimulizi akanyamaza katikati ya sentensi.

Kilikuwa kitabu cha kusikiliza, riwaya ya Kikristo ya mapenzi na taharuki. Mnazijua: mwanamke anawindwa, mpelelezi anamlinda, risasi zikinyamaza mtu anapiga magoti kuomba, na busu ni moja tu, tena unalisubiri mpaka karibu na mwisho. Nazipenda sana. Naweza kuogopa usiku kucha nikiwa na hakika kwamba Mungu hajaondoka kwenye hadithi. Wanaoziita vitabu vya kupotezea muda sijui wanasoma nini wao.

Hii ilimhusu mjane wa mzimamoto aliyekufa New York tarehe 11 Septemba 2001, siku magaidi walipoteka ndege nne na mbili kati yake zikaangusha minara pacha. Kwa miaka mingi amekataa kukanyaga pale minara ilipokuwa, ambapo sasa kuna madimbwi mawili makubwa yenye maji yanayoporomoka, na majina ya waliouawa yamechongwa kwenye shaba pembeni. Majina hayo hayakupangwa kwa alfabeti. Familia ziliulizwa nani angependa kukaa karibu na nani, ndiyo maana marafiki na wafanyakazi wenza wako bega kwa bega. Na siku ya kuzaliwa ya mtu ikifika, waridi jeupe huwekwa kwenye jina lake. Yaani hawangoji siku aliyokufa. Wanaikumbuka pia siku aliyokuja duniani. Riwaya nzima inamvuta mjane huyu kuelekea waridi hilo. Muuaji ameshakamatwa, mpelelezi amebaki nyuma kidogo kumpa nafasi, yeye anasogea, analiona jina, na juu yake...

Kimya.

Nilifuta programu, nikaiweka upya, nikazima simu nikaiwasha. Kimya palepale. Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea alinisikiliza, kisha akacheka. "Mama, si hadithi ya mapenzi hiyo? Mwisho wake si unaujua? Wataoana tu."

Nilimjibu kwa upole nisiokuwa nao, nikakata simu, nikakaa chini natetemeka.

Siku ile ya Septemba niliona minara ikianguka kwenye televisheni. Watu 2,977 waliuawa, na 343 kati yao ni watu wa kikosi cha zimamoto cha New York, waliokuwa wakipanda ngazi wakati wengine wanashuka. Usiku ule sikupata usingizi. Nikachukua daftari nikaandika kitu kimoja cha kumshukuru Mungu, na tangu hapo sijaacha. "Shukuruni kwa kila jambo," anasema Paulo kwa Wathesalonike. Sijawahi kushukuru kwa ajili ya uovu ule, na sidhani Paulo anataka hivyo. Nashukuru kwamba aliye upande wa pili wa ukuta ninamsikia akikohoa, kwamba yupo.

Sasa abiria wa ile ndege ya nne, iliyoanguka Shanksville, Pennsylvania, walipiga simu nyumbani. Walisema nini? Nakupenda. Waliopigiwa walikuwa wanalijua hilo tangu zamani. Kuna aliyewaambia, haina haja, mwisho tunaujua? Neno unalolijua ndilo unalolisubiri kuliko yote! Usiku ule baada ya ile simu nilifungua daftari langu, kalamu ikakataa. Miaka yote hiyo, kicheko cha kijana mmoja kikanifungia mkono.

Kwa hiyo nyota moja. Msijiunge.

Ingawa, haki isemwe, yule msimulizi wao ni zawadi. Anaposoma sala hapandishi sauti ya mimbari. Anaomba kama mtu aliyechoka ambaye bado anaamini, na mara mbili nilijikuta nimesema amina kwa sauti. Sijasikia mwingine wa namna yake mahali pengine. Basi nyota tatu, kwa ajili yake.

Baada ya kama wiki mbili hivi sura ikarudi. Hakuna aliyeniomba radhi, ni ujumbe tu: tatizo limetatuliwa. Niliisikiliza gizani. Alichokiona juu ya lile jina sitawaambia, nanyi mna haki ya kufika wenyewe. Nililia mpaka mto ukalowa, na usiku huo daftari lilijaa kurasa mbili. Kwa kitabu chenyewe nyota tano, na kama zingekuwepo saba ningetoa.

Lakini kila nikikaribia kuisifu huduma hii nakisikia kile kicheko. Programu kuharibika naweza kusamehe, mitambo ni mitambo. Mtu aliyewekwa kuwahudumia wasomaji, anayeamini kwamba mwisho wa kitabu ni kitu cha kukisia, sijui nimwelewe vipi. Narudisha nyota mbili.

Mwezi huu nimelipa, kwa sababu ya msimulizi. Kuna kitabu kingine anachokisoma, niko sura ya nne, na tayari kuna mtu amejificha ghalani.