Kliniki ya Kisauni iliyomnyima shangazi sindano: nawapa nyota nne

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja ntaeleza ilikoenda. Jina la kliniki siliandiki manake kuna kemisti ntakayoisema vibaya huko chini na hiyo pia siitaji, kwa hivo tuwe sawa, mwenye haja kweli aje inboksi nimuelekeze.

Iko Kisauni, Mombasa, ghorofa ya kwanza, ngazi nyembamba, rangi imeambuka ukutani, televisheni hakuna, esi hakuna, feni yazunguka kivivu. Leseni ya KMPDC, lile baraza la madaktari la Kenya, imebandikwa hapo risepsheni na ni ya mwaka huu, hilo nililiangalia mwanzo. Ukiwa wewe ni mtu wa kupima hospitali kwa vigae na viti vya ngozi utageukia mlangoni. Mimi nikiingia mahali pa kudungwa sitazami vigae, natazama mikono ya nesi na lile boksi la manjano la kutupia sindano liko wapi.

Nilienda na shangazi. Mimi nilikuwa nimechanwa mkono na bati la kutu tukibomoa banda, nataka sindano ya pepopunda. Shangazi yeye katoka Likoni, kavuka feri na mgongo wake ule wa siku zote, na alikuwa ashajiandikia matibabu mwenyewe njiani: sindano. Vidonge hataki kusikia.

Daktari ni binti mdogo, akamuamkia vizuri, akamlaza akambonyeza bonyeza, akamuuliza maswali mengi kuliko shangazi alivyozoea, wapata ganzi miguuni mama, mkojo wapita sawa, uliwahi kuanguka, halafu akamwandikia vidonge na kumuonyesha mazoezi ya kufanya kitandani. Shangazi akauliza na sindano je? "Hii haihitaji sindano mama, dawa ni ile ile, ukiimeza yafika kule kule, na tumbo lako liko sawa wamudu kumeza." Weee! "Binti yangu, mimi nimepanda feri na matatu mbili nije nipewe vidonge, kwani vidonge Likoni hakuna?" Daktari akacheka lakini hakubadilisha neno. Mimi hapo ndo niliwapenda, manake wangemdunga wangeongeza kitu kwenye risiti na mwenye pesa yuko tayari kulipa, tena yuawalazimisha wachukue, na wamekataa.

Simlaumu sana shangazi. Wazee wetu imani ya sindano hawakuiokota njiani. Kulikuwa na buba zamani, mtoto amejaa vidonda mwili mzima, ikaja penisilini, anadungwa mara moja na baada ya muda mfupi vidonda vimekauka. Kati ya 1952 na 1964 WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, na UNICEF walizunguka nchi 46 wakatibu watu kama milioni 50 hivo hivo. Sasa ukiwa bibi yako ndo alikuhadithia hayo, nani atakuja kukubembeleza na kidonge? Buba imekwenda zake, ile hamu ya kudungwa imebaki, na sasa tunaipeleka kwa mafua, kwa uchovu, kwa mgongo, kwa kila kitu. Duniani kila mwaka zinadungwa sindano kama bilioni 16, na chanjo humo ni kama asilimia 5 tu, karibu zote zilizobaki ni za matibabu. WHO waliwahi kuandika kuwa kuna sehemu wagonjwa hadi 9 kati ya 10 wakienda kwa daktari wa kawaida wanatoka wamedungwa, na zaidi ya asilimia 70 ya hizo hazikuwa na haja au dawa yake ingemezwa tu.

Sasa hiyo kemisti. Iko mtaani, si mbali, na watu wanaisifu wallahi, "ana mkono mwepesi yule". Kuna pazia nyuma ya kaunta, unaingia, wafunua kidogo, anakudunga kalioni, shilingi mia mbili, umemaliza. Shangazi ndiko alikozoea akija kututembelea na ndiko alikotaka nimpeleke siku hiyo. Mimi niliwahi kusimama pale nyuma ya pazia nikimsubiri mtu na nikaona kichupa kikubwa cha dawa juu ya meza, sindano imechomekwa kwenye ule mpira wa juu na imeachwa hapo hapo, yaani akija mgonjwa yeye apachika bomba, lile la plastiki la kuvutia dawa, avuta, achomoa, na sindano yabaki imesimama kama bendera. Nilipomuuliza akanambia "mgonjwa nampa sindano mpya kabisa bro, usijali". Na kweli alifungua mpya, sikatai.

Lakini hapo ndo watu wengi tunapochezwa. Tumezoea kuangalia ile ncha ya chuma tu. Damu kidogo sana, ambayo hata huioni kwa macho, yaweza kurudi nyuma ikaingia kwenye bomba, kwa hivo ukibadilisha ncha na bomba ni lile lile hujafanya kitu, na bomba hilo likiingia tena kwenye kichupa basi kichupa kizima kimechafuka na kila atakayekuja nyuma yako anagawiwa. Na msidhani ni mambo ya vichochoroni Afrika. Mwaka 2008 Las Vegas, Marekani hiyo, kliniki ya kupima matumbo kwa kamera, watu na bima zao, ilikutwa wafanya hivo hivo na dawa ya usingizi, bomba linarudi kwenye kichupa halafu kichupa kinatumiwa kwa mgonjwa mwengine. Watu wakapata homa ya ini aina ya C, na zaidi ya wagonjwa 40,000 waliandikiwa barua waende wakapimwe. Pale vigae vilikuwepo bila shaka.

Na huyo "mwenye mkono mwepesi" pia yuko kwenye historia. Cambodia, kijiji cha Roka, mwisho wa 2014, watu wakaanza kupimwa na kukutwa na virusi vya ukimwi, wazee, watoto, zaidi ya 200. Aliyekuwa akiwadunga hakuwa na leseni, na wanakijiji walikuwa wanampenda, bei yake nafuu. Alifungwa miaka 25 mwaka 2015. Misri nayo ilikuwa serikali yenyewe, tena kwa nia nzuri, walikuwa wanatibu kichocho, ugonjwa ambao sisi wa pwani twaujua vizuri, kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwanzo wa miaka ya 1980 watu wanadungwa kwa mabomba ya glasi yasiyochemshwa sawasawa, kichocho kikapungua na homa ya ini C ikasambaa mpaka Misri ikawa kati ya nchi zilizoumia nayo zaidi duniani. Hesabu ya WHO ya mwaka 2000 pekee ilikuwa sindano chafu zimeambukiza watu milioni 21 homa ya ini B, milioni 2 aina ya C, na 260,000 virusi vya ukimwi. Kufikia 2010 ilikuwa imeshuka sana, homa ya ini B hadi kama milioni 1.7 na virusi vya ukimwi hadi kama 33,800, kwa hivo jambo lenyewe larekebishika watu wakitaka.

Turudi Kisauni, zamu yangu. Nesi ni mama wa makamo, haongei sana. Alipaka mikono sanitaiza, akaisugua mpaka ikakauka, sio ile ya kupangusa na kanzu. Hakuvaa glavu, na shangazi akanikonyeza, kuwa muone huyu mchafu. Nikamuuliza nesi kwa heshima, sista mbona bila glavu? Akasema kudunga mkononi kwa ngozi isiyo na kidonda glavu si lazima, mikono safi ndo lazima, glavu nyingi wanazovaa watu ni kumridhisha mgonjwa, na mwengine anavaa moja anashika nayo kalamu, simu na wagonjwa watano. Nilikuja kutafuta baadaye na kweli WHO ndivyo wanavyosema. Shangazi hakuridhika, lakini shangazi siku hiyo hakuwa wa kuridhika.

Kichupa cha chanjo kilikuwa kimeshafunguliwa, nikashtuka kidogo, nikamwambia. Hakuniona mjuaji, akakigeuza anionyeshe: kile ni cha dozi 10, tarehe aliyokifungua ameiandika kwa kalamu kwenye lebo, kinakaa frijini na mwisho wake ni siku 28, hakuna sindano iliyoachwa juu, na kila mtu anavutiwa dawa na bomba jipya na sindano mpya. Halafu kuna kialama kwenye lebo, duara na ndani yake mraba mweupe, chanjo ikipata joto mraba unaanza kuiva rangi, ukifanana na duara basi hiyo ni ya kutupa. Wa kwangu ulikuwa mweupe. Kwa joto la Mombasa na umeme wetu huu unaokatika, hicho kialama mimi naona kila mzazi angekijua.

Bomba alilifungua kwenye paketi mbele yangu, lile dogo la nusu mililita linalojifunga lenyewe. Ukishasukuma mpaka mwisho limekwama, huwezi kulivuta tena hata utumie meno. Ndio yanayotumika kwenye chanjo za watoto, na tangu 2015 WHO wanataka hata sindano za matibabu zihamie kwenye mabomba ya kujifunga namna hii. Na hapo Kilifi kuna kiwanda cha Revital chatengeneza mabomba ya hivo, saa moja na ushee kutoka hapa, kwa hivo habari za "hayapatikani" sizikubali sana.

Alipomaliza hakuifunika sindano na kile kifuniko chake. Moja kwa moja kwenye boksi la manjano, ambalo lilikuwa pale pale kwa mkono wake, halijafika robo tatu. Kuifunika ndo manesi wengi wanapojichoma, na kujichoma na sindano yenye damu ya mgonjwa si mchezo, kwa asiyechanjwa homa ya ini B yaweza kufika hata 30 kati ya 100, virusi vya ukimwi ni kama 3 kati ya 1,000, na hapo ni kukimbilia dawa za kinga kabla masaa 72 hayajapita. Nilimuuliza kama yeye amechanjwa B, akasema dozi zote tatu. Safi.

Ile nyota sasa. Kabla ya kunidunga alifungua kopo, akatoa pamba iliyolowekwa spiriti tangu asubuhi sijui tangu jana, akanipangusa. Kopo lile linaingia vidole vya kila mtu kutwa nzima na kuna vijidudu vinaishi humo humo kwenye spiriti yenyewe, WHO wamelikataza kabisa, pamba inatakiwa ichukuliwe kavu ilowekwe pale pale, au vile vipakiti vya moja moja, na kama ngozi ni safi chanjo haihitaji hata spiriti. Nilimwambia, akasema "ndivyo tulivyofundishwa", kwa mara ya kwanza sauti ikabadilika. Mtu makini vile, na kopo kama la kemisti! Nilimtajia daktari pia nikitoka, akaandika mahali. Nikirudi na kopo halipo ntakuja hapa kuwaongezea nyota yao.

Mengine haraka haraka: foleni ni ndefu asubuhi, mchana baada ya adhuhuri kumepoa. Kumuona daktari 500, M-Pesa wanachukua, SHA, ile bima ya afya ya serikali, hawachukui. Choo kisafi, maji yapo, sabuni ipo. Ngazi kwa mzee ni kazi, mshike mkono. Watoto wadogo wanadungwa pajani sio kalioni, nimemuona nesi akimueleza mama mmoja kuwa kalioni kuna mshipa mkubwa wa fahamu, ukiguswa mguu waweza kulegea, akamueleza polepole bila kumkaripia.

Shangazi mgongo umepungua. Vidonge alimeza vyote, nilihakikisha, ila ukimuuliza anasema ni mafuta ya karafuu aliyosuguliwa na jirani, na kliniki ile asema hawana dawa.