Sarafu za fedha za Italia ya kale katika duka moja la Kisumu

Duka ninalolizungumzia halina bango. Ni chumba kimoja ghorofani, katikati ya mji wa Kisumu, ambamo mzee mmoja huuza fedha za kale, kuanzia riali za Maria Theresa zilizowahi kutumika pwani yetu hadi sarafu za nchi ndogondogo zilizokuwapo kabla ya Italia kuungana mwaka wa 1861. Mimi nilifuata hizo za mwisho.

Linalostahili sifa kwanza ni mizani. Bila kuombwa, mzee aliweka mezani mizani ya sonara pamoja na sumaku, akaniachia nipime mwenyewe. Piastra, sarafu kubwa ya fedha, ya grana 120 (grana ni senti za huko) ya Mfalme Ferdinando II wa Sicilia Mbili, ufalme wa kusini mwa Italia, ya mwaka wa 1856, hutakiwa kuwa na gramu 27.5 hivi, hii ilikuwa na 27.4, upungufu usioshangaza kwa kitu kilichopita mikono mingi, na maneno ya Kilatini ya ukingoni, PROVIDENTIA OPTIMI PRINCIPIS, yalisomeka yote. Lire 5 ya Carlo Felice, mfalme wa Sardinia, ya 1827, ilikaribia gramu zake 25, tena ilikuwa na alama ya nanga, yaani ilipigwa Genova; za Torino huwa na kichwa cha tai. Skudo, sarafu kubwa ya fedha ya Papa Pius IX, ambayo ingepaswa kukaribia gramu 27, iligota kwenye 21. "Basi hii si ya kukuuzia, Mwalimu," alisema, akaitupa kwenye droo.

Kuhusu bei, alitaka shilingi 12,000 kwa piastra akidai ni adimu. Si adimu, za mwaka huo hupatikana bila shida, na baada ya kuvutana tulielewana kwa 9,000.

Kasoro kubwa ni kwamba mzee huzisugua sarafu ili zing'ae. Lire ya Carlo Felice ilimetameta kama sufuria mpya, na chini ya kioo cha kukuzia niliona mikwaruzo shavuni mwa mfalme na dawa ya meno iliyokaukia ndani ya herufi. Mkusanyaji hutafuta ule weusi wa miaka mingi. Ukishaondolewa haurudishwi, na thamani huondoka nao. Hata hivyo hakupunguza hata shilingi, kwa hiyo niliiacha pale pale. Nimemwomba zijazo aniwekee zikiwa chafu.