Uzoefu wangu: darasa la Jumamosi la kuchora maua na mimea ya nyumbani, Parklands

Nianze na jibu lenyewe kwa mwenye haraka: darasa hili linastahili pesa zake, hasa kwa mtu anayetaka kuchora mmea ulio hai mbele yake badala ya kunakili picha kutoka kwenye simu. Upande wa penseli, sijapata mafunzo mengine yanayoyashinda haya hapa Nairobi. Upande wa rangi una kasoro, na nitazieleza.

Liko kwenye nyumba ya zamani yenye veranda pana, mwendo mfupi kwa miguu kutoka City Park. Ada ni shilingi 2,500 kwa kipindi kimoja, au 12,000 ukilipia awamu nzima ya vipindi sita, na malipo ni kwa M-Pesa. Chai ya maziwa na mandazi vimo ndani ya ada hiyo. Wanaanza saa tatu asubuhi na kumaliza saa sita kasoro, na saa hizo zimechaguliwa kwa sababu. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo ikifika adhuhuri jua liko utosini, vivuli vimejificha chini ya majani na mmea unaonekana bapa. Asubuhi mwanga huingia kwa ubavu kupitia madirisha ya veranda, kila jani likawa na upande uliong'aa na upande wa giza, na macho yakapata cha kushika.

Mwalimu ni mama wa makamo, mpole, ambaye hapandishi sauti lakini pia hakuachi upite. Kipindi cha kwanza aliweka ua jekundu la hibiskasi mbele ya kila mmoja wetu, kisha akatuzuia kushika penseli. Alipofika kwangu aliuliza, "Dada, kabla hujagusa karatasi, niambie petali ni ngapi, na ipi imelalia ipi?" Nilihesabu tano. Swali la pili ndilo lililonifungua macho: kila petali ya hibiskasi ina ukingo mmoja uliopanda juu ya jirani yake na ukingo mwingine uliofunikwa na jirani wa upande wa pili, zikafuatana hivyo hadi mzunguko ukamilike. Katikati umechomoza mrija mmoja mrefu wenye vijidude vya manjano vya chavua ubavuni, na kwenye ncha yake kabisa kuna vichwa vitano vidogo vyekundu vya mahameli. Nimeishi na ua la hibiskasi kwenye ua wa nyumba yetu tangu utotoni, na sikuwa nimewahi kuviona vile vichwa vitano.

Hivyo ndivyo darasa zima linavyokwenda. Kwanza unaujua mmea ulivyojengwa, halafu mkono unafuata. Mafunzo mengi ya mtandaoni niliyoyatazama hukufundisha ua fulani kwa hatua: chora duara, ongeza mistari, pinda hapa. Mwisho wake unajua kuchora ua hilo moja, kwa upande huo mmoja. Hapa ukishaelewa kwamba petali za hibiskasi zimelaliana kwa mzunguko, unaweza kuligeuza ua lolote la hibiskasi upande wowote na bado ukajua ukingo upi utaonekana.

Bogenvilia nayo ilinipa furaha kubwa. Imejaa kwenye kuta na mageti ya mji huu, na karibu kila mtu huichora kama ua la petali tatu za zambarau. Mwalimu alitugawia lenzi ya kukuzia, akatuambia tuvitazame hivyo tulivyokuwa tukiviita petali. Vina uti wa kati na mishipa iliyotawanyika kama wavu, kama jani lingine lolote, kwa sababu kweli ni majani, ila yamepata rangi. Maua yenyewe ni vile virija vyembamba vya rangi ya maziwa vilivyo katikati, kwa kawaida vitatu, kila kimoja kimeshikamana na jani lake. Ukishajua hivyo, unachora mishipa ile kwa ujasiri, na bogenvilia yako inaacha kufanana na karatasi iliyokunjwa.

Mimea ya ndani ndiyo iliyonipeleka pale, maana nyumbani kwangu kila dirisha lina chungu. Monstera, ule mmea wa majani makubwa, ilikuwa imenishinda kwa muda mrefu kwa sababu ya yale matundu na mipasuko. Njia tuliyofundishwa ni hii: lichore jani lote kana kwamba halijapasuka, umbo la moyo tu kwa mstari hafifu wa penseli ngumu ya 2H. Weka uti wa kati. Kisha toa mishipa ya pembeni kutoka kwenye uti huo hadi ukingoni. Sasa ndipo ukate mipasuko, na kila mpasuko upite katikati ya mishipa miwili, kamwe usiukate mshipa wenyewe. Matundu madogo hukaa karibu na uti. Mwisho unafuta ule mstari wa nje mahali pasipo na jani. Jani linabaki na umbo lake hata likiwa na mipasuko kumi, kwa kuwa ncha zote bado zinafuata ule moyo wa mwanzo.

Kwa jani lililojikunja, kanuni ni kuanza na uti wa kati na kuuchora wote bila kukatisha, hata pale unapopita nyuma ya mkunjo na huuoni. Jani hugeuka kuufuata uti. Mwalimu alichukua waya mwembamba, akaupinda mbele yetu na kuuegesha nyuma ya jani la pothos, mmea wa ndani unaotambaa, ili tuone njia ambayo uti ulipitia. Mzee mmoja mstaafu aliyekaa meza ya pili alichora jani lile mara tatu mfululizo, na la tatu lilikuwa limeinuka kutoka kwenye karatasi. Mwalimu alimwambia, "Mzee wangu, hilo sasa linapumua." Darasa zima tulisimama kwenda kulitazama.

Kuna pia mpangilio wa kazi ambao sikuwahi kuufikiria. Ua huchorwa kwanza, majani baadaye, chungu mwisho. Ua moja la hibiskasi huishi takriban siku moja tu. Waridi lililokatwa (yetu yalitoka City Market, pale Muindi Mbingu) huendelea kufunguka kadiri chumba kinavyopata joto, na kufikia saa tano tumba uliloanza nalo limeshakuwa ua jingine. Majani yanaweza kungoja. Chungu hakiendi popote, ila kina somo lake: mdomo wake ukiutazama kutoka juu kidogo ni duaradufu nyembamba, na kitako huwa na mviringo zaidi kuliko mdomo kwa sababu kiko chini zaidi ya usawa wa macho. Sansevieria nzuri, ile ya majani marefu yaliyosimama wima, iliyowekwa kwenye chungu chenye kitako kilichonyooka kama rula huonekana inaelea.

Somo nililolipenda kuliko yote ni la Saintpaulia, kile kimmea kidogo cha majani ya manyoya na maua ya urujuani ambacho watu wengi hukinunua wakidhani kimetoka Ulaya. Asili yake ni huku kwetu. Wazungu walikipeleka kwao kutoka milima ya Usambara, Tanzania, katika miaka ya 1890, na jamaa yake mmoja huota porini kwenye kilima cha Mbololo kule Taita. Kuchora manyoya yale kunahitaji subira: huchori unywele mmoja mmoja jani zima. Unatia kivuli kwa vipigo vifupi vinavyofuata mwelekeo wa manyoya, unaacha ukingo wa jani uwe mweupe mahali mwanga unapogusa, na manyoya machache unayaonyesha pale tu ukingo mweupe unapokutana na giza lililo nyuma yake. Nilitoka siku hiyo nimejaa furaha.

Kipindi cha tano tulipelekwa Makumbusho ya Kitaifa, Museum Hill, kiingilio juu yetu wenyewe, kuona michoro ya mimea ya Joy Adamson. Wengi wanamjua kwa simba wake Elsa, lakini alipofika Kenya mwaka 1937 kilichomtambulisha kwanza ni maua. Mumewe wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea, na Joy alichora mimea ya Afrika Mashariki kwa mamia. Mwaka 1947 Royal Horticultural Society, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, ilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa kazi hiyo. Kuiona michoro kama hiyo baada ya vipindi vinne vya kuhesabu petali ni jambo tofauti kabisa na kuiona kama mtalii. Unatambua mahali alipoacha karatasi nyeupe ili jani ling'ae, na namna kila kikonyo kinavyotoka kwenye kifundo chake, pale kinapoungana na shina, bila kubahatisha.

Sasa kasoro. Rangi za maji zimetengewa kipindi kimoja tu, cha mwisho, na hakitoshi. Tulifundishwa kuchanganya kijani chetu wenyewe kwa bluu na manjano, kisha kukituliza kwa tone la nyekundu ili kisiwe kikali, na hilo ni fundisho la maana sana kwa mtu anayechora majani. Lakini mara tu watu walipoanza kuelewa kiasi cha maji cha kuweka kwenye brashi, muda ulikuwa umekwisha. Nimewaeleza waandaaji hivyo, na nawasihi tena: vipindi viwili vya rangi, hata kama ada itapanda.

La pili ni vifaa. Wanauza pakiti ya kuanzia kwa shilingi 1,800 yenye penseli, raba, kichongeo na daftari. Penseli ni nzuri. Karatasi ya daftari ni nyepesi mno kwa maji: ukiigusa na brashi inajikunja na rangi inakusanyika mabondeni. Ningemshauri mtu anunue penseli zake tatu (2H, HB na 2B) na raba laini ya kufinyanga kwenye duka lolote la vifaa vya sanaa mjini, kisha pesa iliyobaki aiweke kwenye karatasi chache nzito za rangi za maji, za gramu 300 kwa mita ya mraba. Karatasi hizo ni ghali, lakini zikikatwa mara nne zinatosha kipindi kizima.

La tatu, tulikuwa kumi na wanne. Mwalimu alijitahidi kumfikia kila mtu, ila wanafunzi waliokaa pembeni walingoja sana. Kumi wangetosha.

Kwa anayetaka kujifunza kupamba kadi za harusi haraka haraka, pale atachoshwa na maswali ya petali na vifundo. Kwa anayeipenda mimea yake na anataka kuichora ilivyo, nampeleka mimi mwenyewe. Nimeshalipia awamu ya pili, ambayo ni ya mimea ya porini.

Ukienda, fika mapema uchague kiti. Anayechora kwa mkono wa kulia akae dirisha likiwa kushoto kwake, na wa mkono wa kushoto kinyume chake, la sivyo kivuli cha mkono wako kitaangukia mahali penyewe unapochora. Na ubebe mmea wako kutoka nyumbani kwa kipindi cha nne. Wanaruhusu, ilmradi chungu kiwe na kisahani.